Vidonge vya Baba Mkwe

Jumamosi hiyo ya mwezi wa tano, duka la dawa lilijaa wanaume wenye kofia. Nje jua lilikuwa linawaka na kila mtu mwenye akili zake alivaa shati jepesi, lakini mle ndani mlikuwa na kofia za besiboli, kofia za sufu, na mzee mmoja aliyevaa kofia ya mvua. Mtaa huu wa Jongno, hapa Seoul, unajulikana nchi nzima kwa jambo hilo. Ghorofani kuna madaktari wanaoandika cheti cha dawa kwa dakika mbili bila kuinua macho, chini kuna maduka ya dawa, na wanaume wanapanda treni kutoka mikoani kuja kupigania nywele zao. Foleni ni ndefu na hakuna anayemwangalia mwenzake.

Katikati ya kofia hizo akaingia Pyo Hye-rim, kidole kinavuja damu. Alikuwa mkataji wa vitambaa vya nguo za harusi katika soko la Gwangjang, hatua chache kutoka pale, na siku hiyo mkasi ulikuwa umemkosea adabu. Alivaa gauni la kitani la kijani, nyuzi za rangi zimemganda kifuani na mabegani, na nywele amezifunga kwa kipande cha hariri nyekundu kilichobaki kazini. Alitaka plasta tu.

Mtu pekee asiye na kofia alikuwa mbele yake. Jina lake Seok Tae-gon, fundi wa lifti, miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye nywele nyeusi zilizojaa na kuchanwa upande. Alipoona damu akampisha, na wakati huohuo mfamasia, mama mmoja mwenye sauti ya kuuza samaki, akamwita Tae-gon kwa jina na kutangaza vidonge tisini vya tezi dume. Duka zima likasikia.

"Pole, kaka," Hye-rim akamwambia kwa huruma ya kweli. "Bado kijana hivyo."

Tae-gon akatamani sakafu ipasuke. Ukweli ulikuwa mdogo tu. Kidonge hicho cha tezi dume ukikikata vipande vinne, kila kipande kinatosha kuzuia upara kwa siku moja, na nusu ya waliokuwa mle dukani walikuwa wamefuata hichohicho. Lakini angeusemaje mbele ya msichana yule?

"Si zangu," akasema. "Ni za baba. Yuko Andong, mimi ndiye ninayemchukulia."

Hye-rim akamtazama kichwani, akacheka. "Nilijua tu. Kwa nywele hizo, hukufuata walichofuata hawa wenzako."

Mambo yakaishia hapo, au tuseme yakaanzia hapo. Nimeishi mji huu miaka mingi. Nimemwona mwanaume akikiri talaka, akikiri kufukuzwa kazi, hata akikiri kifungo. Aliyekiri upara mbele ya mwanamke anayemtaka sijamwona bado. Na Tae-gon alikuwa na sababu zake. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa, mama yake alimpeleka kwenye ofisi ya kutafutiana wachumba, na pale karani akamjazia kwenye fomu kwamba nywele za paji la uso zinarudi nyuma. Wanawake watatu walimkataa bila kukutana naye. Tangu hapo alimeza robo yake kila asubuhi, na nywele zikarudi.

Mapenzi yalikwenda mbio. Mchana walikula pamoja chapati za choroko sokoni, wamebanana kwenye benchi na watu wasiowajua, mafuta yanawarukia. Wakitengana, simu zinaanza.

"Kaka Lifti, umekula?"

"Bado. Nipo ghorofa ya kumi na saba, nimening'inia."

"Usianguke kabla hujanioa."

"Kwani nani kasema nakuoa?"

"Mimi nimesema. Kitambaa nimeshakata."

Alikuwa amekikata kweli, hariri ya bluu ya mshipi wa bwana harusi. Mama yake alipomuuliza kilichomvutia kwa fundi wa lifti, Hye-rim hakutaja urefu wala nywele. Alisema mwanaume anayepanga foleni Jumamosi kwa ajili ya baba yake hawezi kumtupa mke. Masikini, aliamini hivyo kwa moyo wote.

Walioana majani yalipoanza kuwa mekundu. Katika nyumba yao ya vyumba viwili, Tae-gon alikuwa na droo moja, na ndani yake maboksi ya dawa. Hye-rim alipoona vipande, mumewe alimweleza kwamba baba anakunywa robo robo, na yeye ndiye anayemkatia kabla ya kumpelekea. Mkwe hamuulizi baba mkwe habari za tezi dume, na Tae-gon alilijua hilo vizuri. Uongo wake ulilindwa na heshima ya mkewe.

Kila alipokwenda kuchukua dawa, yule mfamasia alimpa onyo lilelile: mwanamke mwenye mimba asiguse kidonge kilichokatwa, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Tae-gon aliitikia kwa kichwa kama abiria anayesikia tangazo la kituo kisicho chake. Alilisikia akiwa hana mke, akalisikia akiwa na mke asiye na mimba.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Hye-rim akapata mimba. Tae-gon alilia jikoni, ameshika sufuria. Alimpeleka mkewe hospitali, akamnunulia viatu visivyo na kisigino, na beji ya rangi ya waridi wanayopewa wajawazito ili wapishwe viti kwenye treni akaifunga mwenyewe kwenye mkoba wa mkewe. Alifikiria kila kitu isipokuwa droo. Kwa akili yake, droo ile ilikuwa yake peke yake, na mkewe hakuwa na shida nayo.

Sikukuu ya mavuno ikakaribia. Kila mwaka siku hiyo mji unahama, watu wanakwenda kwa wazazi wao kufanya tambiko la wahenga na kula keki za mchele. Hye-rim, mwenye kichefuchefu na aliyepumzishwa kazini, alitaka kumpelekea baba mkwe kitu kilichotoka mikononi mwake. Akafungua droo, akakuta boksi jipya la vidonge tisini ambavyo havijakatwa. Wembe wake wa kazini ulikuwa hapo. Alasiri tatu mfululizo, mumewe akiwa kazini, alikaa mezani akakata kila kidonge vipande vinne vilivyo sawa, maana mkono wake haukujua kukata ovyo. Unga mweupe uliomwagika aliukusanya kwa ncha ya kidole. Vipande akavitia kwenye vifuko vya hariri, kifuko kimoja kwa kila mwezi, akavishonea kamba.

Mzee Seok Man-bok, baba yake Tae-gon, alikuwa mkulima wa tofaa mwenye miaka sitini na saba, kichwa kinang'aa, mwili hauna hata homa. Baada ya tambiko, wanawake wakiwa jikoni na wanaume uani, Hye-rim alimfuata kibarazani. Alivaa nguo ya sikukuu aliyoishona mwenyewe, sketi pana ya rangi ya zambarau na koti fupi jeupe, akapiga magoti na kumpa vifuko kwa mikono miwili.

"Dawa yako, baba. Nimekukatia mwenyewe, usisumbue macho yako."

Mzee akafungua kifuko kimoja, akatazama. Akamtazama mkwe wake, kisha akatazama uani, ambako mwanawe amesimama na nywele zake nyingi kati ya baba zake wadogo wanne, wote vipara. Hakuwa mjinga.

"Ahaa, hii," akasema. "Asante, mwanangu. Umenisaidia sana."

Alipompata Tae-gon nyuma ya ghala, alimuuliza eti yeye, baba mtu, anaumwa nini. Tae-gon akamweleza yote, uso umemuiva. Mzee akacheka mpaka akashika mti, akasema siri hiyo ataibeba, hata yeye angetamani dawa kama hiyo miaka ile. Kisha akasifu mkono wa mkwe wake, jinsi vipande vilivyokuwa sawa.

"Vipande gani?" Tae-gon akauliza.

Mzee akamwonyesha. Ndipo onyo la mfamasia, lile tangazo la kituo, likamrudia, neno kwa neno. Mimba ilikuwa ya wiki tisa. Kibarazani, Hye-rim alikuwa anacheka na wifi zake, anakula keki ya mchele kwa vidole vilevile.

Angesema pale pale. Lakini pale palikuwa na mama yake, baba zake wadogo, wake zao, na baba aliyekwisha kusema uongo kwa ajili yake. Akajiambia atasema garini.

Siku ya kurudi kutoka sikukuu, barabara zote za nchi hii zinaziba. Andong mpaka Seoul walitumia saa saba, tangu asubuhi mpaka mchana kwisha, gari linasogea hatua na kusimama. Hye-rim alisinzia, akaamka, akamenya tofaa na kumlisha mumewe mdomoni. Saa saba hizo Tae-gon alikuwa na mke wake peke yake.

"Usikate tena zile dawa," hatimaye akasema.

"Kwa nini?"

"Unajichosha. Baba atakata mwenyewe."

"Baba yupi? Yule aliyekiangalia kidonge kama hajawahi kukiona maishani?" Akacheka. "Mume wangu, nitamkatia tena, acha nimtunze baba yako. Mimi wangu alikufa mapema."

Tae-gon naye akacheka. Namlaumu kwa mengi, lakini kwa kicheko hicho sijamsamehe.

Alifika nyumbani akafuta meza mara tatu. Boksi jingine lililobaki kwenye droo akalificha kabatini, nyuma ya mashuka. Usiku na mchana alisoma maandishi ya watu wasiojulikana kwenye simu, wengine wakisema unga kidogo hauna neno, wengine wakisema mengine. Alichagua kuwaamini wale wa kwanza. Naye mkewe, kila Jumapili, alimpigia baba mkwe kuuliza kama dawa inatosha, na mzee, kwa kumlinda mwanawe, akawa anajibu kwamba anakunywa vizuri, na kwamba hajawahi kukatiwa vizuri hivyo.

Mwisho wa mwezi wa kumi, akitafuta shuka, Hye-rim akalikuta boksi. Hakushtuka. Alidhani mumewe kamwonea huruma akalificha ili asijichoshe, akampenda zaidi. Kwa kuwa alikuwa amerudi kazini, akalibeba mpaka sokoni na kuanza kukata akiba ya mwaka ujao wakati wa chakula. Wembe wa nguo ukawa unavunja vidonge vya boksi hili, vigumu kidogo, kwa hiyo akavuka barabara na kwenda kwenye lile duka la dawa kuuliza kama wana kifaa cha kukatia.

Mfamasia aliona vidonge vilivyovunjika kiganjani mwake. Kisha akaona beji ya waridi kwenye mkoba.

"Dada, weka chini hivyo," alisema, na sauti ile ya kuuza samaki ilikuwa imeshuka kabisa. "Weka hapa kwenye karatasi. Njoo huku nyuma kwenye sinki."

Alimwosha mwenyewe, kama mama anavyomwosha mtoto. Akamuuliza dawa ni ya nani.

"Ya baba mkwe. Ana tezi dume."

"Mwenye tezi dume anakunywa kizima. Robo ni ya nywele." Mfamasia akasita. "Mumeo ana miaka mingapi?"

Hye-rim akatazama mikono yake iliyolowa. Aliuliza kuhusu kuosha, kwa nini ameoshwa. Akaambiwa. Akaelezwa pia kwamba kuna uwezekano mkubwa hakuna kilichotokea, ngozi haipitishi sana, aende kwa daktari wake leo hii. Aliuliza swali moja tu la mwisho: wanaume wanaochukua dawa hii, kama mume wangu Seok Tae-gon, fundi wa lifti, huwa wanaambiwa? Mfamasia akasema huwaambia wote, kila mara, na huyo fundi wa lifti amemwambia kila alipokuja, mwaka baada ya mwaka.

Hye-rim alimpigia mumewe simu akiwa amesimama kando ya barabara.

"Umekula, Mkasi wangu?" Tae-gon aliitikia.

"Vidonge ni vyako?"

Nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine.

"Hye-rim, nisikilize—"

"Sijauliza kuhusu nywele. Hata ungekuwa na kichwa kama yai ningekuoa. Nauliza hivi, ulijua lini kwamba nimevishika?"

"Siku ya sikukuu."

Akahesabu kwa vidole. Wiki tano. Alikumbuka gari, tofaa, kicheko. "Ulinisikia nikisema nitakata tena," alisema, "ukacheka." Akakata simu.

Daktari alisema yaleyale ya mfamasia, kwa maneno marefu zaidi. Hatari ni ndogo, hawezi kusema haipo, picha ya tumbo ya baadaye huenda ikaonyesha na huenda isionyeshe. Hye-rim hakurudi nyumbani. Alikwenda Suwon kwa mama yake na kuomba nguo zake ziletwe na mtu yeyote, asizilete Tae-gon.

Tae-gon alikwenda Suwon kila Jumamosi. Mara tatu alirudishwa mlangoni. Mara ya nne alikuja amenyoa kichwa chote, theluji inamwangukia kwenye ngozi tupu, na mama mkwe akamruhusu aingie kwa kumhurumia. Hye-rim alikuwa amekaa kwenye sakafu iliyopashwa joto, tumbo limeshaonekana chini ya sweta pana ya kijivu. Picha ilikuwa imeonyesha mtoto wa kiume.

"Umemnyolea nani?" akamuuliza.

"Wewe."

"Mimi sikukuomba kichwa. Nilitaka sentensi moja. Ulikuwa na saa saba."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi nimeogopa tangu mwezi wa kumi mpaka leo, kila nikipitisha mkono hapa tumboni. Tofauti yetu ni kwamba mimi hofu yangu sikuichagua mwenyewe." Alivuta blanketi. "Nenda, Tae-gon. Nikijifungua mama atakuita."

Alikwenda. Aliishi majira ya baridi kwa tambi za kikombe na simu ambazo hazikupokewa, akipanda na kushuka kwenye lifti za watu wengine. Nywele zikaanza kuota tena, pembeni tu, na katikati pakabaki palivyo. Hakumeza tena kidonge. Mapenzi yalikuwepo, hilo nalisema wazi, kwake na kwa mkewe pia, ambaye hakuwahi kufuta namba yake. Lakini kupenda peke yake hakukusaidia kitu kwenye nyumba zile mbili.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa nne, asubuhi, akilia kwa nguvu. Kilo tatu na gramu mia mbili. Mama mkwe akaita, na familia yote ikajikuta chumba kimoja: mama mkwe na supu yake ya mwani, Mzee Man-bok aliyeshuka kwenye basi la kwanza kutoka Andong, na Tae-gon amesimama karibu na mlango na kofia mkononi.

Daktari wa watoto, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alisema mtoto ana afya njema, ila kuna jambo moja. Tundu la mkojo halikutokea mahali pake, liko chini zaidi. Litahitaji upasuaji kabla hajatimiza miaka miwili, na labda mwingine baadaye. Akaeleza kwamba watoto wengi huzaliwa hivyo bila sababu yoyote kujulikana. Kisha, kalamu juu ya fomu, akauliza kama kuna dawa ambayo mama aliigusa au kuitumia mwanzoni mwa mimba.

Mama mkwe alitazama sakafu. Hye-rim alimtazama mtoto.

"Ni ya ukoo hiyo, daktari," Mzee Man-bok akawahi. "Kwetu ipo. Mjomba wangu alikuwa hivyohivyo." Hakuwahi kuwa na mjomba. Alimtupia mwanawe jicho lililosema kaa kimya, nimeshaibeba.

Ilikuwa rahisi sana. Fomu ingeandikwa ukoo, kila mtu angerudi nyumbani, na huyo mtoto angekua akimlaumu mjomba wa babu.

"Baba, usiseme," Tae-gon akasema. Akasogea mpaka mbele ya daktari. "Ipo dawa. Finasteridi, ya nywele zangu. Nilimdanganya kwamba ni ya baba yangu, akamkatia. Alikata vidonge tisini kwa mkono wake akiwa na mimba ya wiki nane. Nilipojua nikanyamaza wiki tano. Andika hivyo."

Daktari akaandika. Alisema kwa sauti ileile kwamba asante, na kwamba hata hivyo hakuna mtu atakayeweza kuwaambia kama ndiyo sababu au siyo, si leo wala baadaye. Alipotoka, mzee alimfuata taratibu, na mama mkwe akatoka na bakuli la supu ambalo halikuguswa.

Walibaki wawili, na mtoto. Hye-rim alikuwa amevimba uso, nywele zimemganda kwenye shavu, hajalala.

"Umechelewa miezi saba," alisema.

"Najua."

"Sijui kama nitarudi kwako. Usiniulize leo."

"Sitauliza."

"Lakini huyu atauliza. Watoto wenzake watamwona, atakuja kuuliza. Utamwambia kama ulivyomwambia daktari, maneno yaleyale. Si baba yako, si mimi. Wewe."

"Mimi," Tae-gon akasema.

Mtoto akaanza kulia, miguu inapiga hewa. Tae-gon akanyoosha mkono kubonyeza kengele ya kumwita muuguzi, na Hye-rim akamshika mkono, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

"Amelowa," alisema. "Mbadilishe wewe."

Akamweka mtoto kitandani kati yao. Vidole vya fundi vilivyozoea nyaya nene vilihangaika na gundi ya nepi. Akaifungua, akaangalia, na hakugeuza uso.